Nusu Lita na Nyumba Saba

Sista aliponiambia ninywe nusu lita kwa siku, nilimwomba aongeze. Nimeuza mitumba Moshi mjini miaka ishirini, na katika miaka hiyo sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata fungu la nyanya.

"Lita moja," nikamwambia.

"Nusu."

"Robo tatu, sista, tuelewane. Mimi nashinda juani."

Akavua miwani akaiweka juu ya faili langu. "Baba Glory, figo zako zimegoma. Unachokunywa hakitoki, kinakaa humo humo mpaka mashine ikivute. Sasa wewe unapatana na nani? Na mimi, au na mapafu yako?"

Nikasema sawa, nusu. Moyoni nikasema tutaona.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye Krismasi hii ni ya kwanza kwake tangu aanze kusafishwa damu. Mimi naelekea ya nne. Habari za figo zenyewe mwulize daktari, amezisomea. Mimi nitakwambia yale ambayo daktari hakuniambia, na simlaumu, maana hana ndugu Masama, kijijini kwetu mlimani.

Kwangu ilianza na viatu, wakati wa masika. Kila kiatu nilichokuwa nacho kikanibana, nikadhani vimelowa mvua vikasinyaa. Nikahamia kandambili. Kisha uso ukawa unavimba asubuhi, mke wangu akasema nimenenepa, na jirani yangu wa kibanda cha pili akasema biashara imenikubali. Mdomo ukawa na ladha ya chuma, kama nimelala namumunya misumari. Ngozi ikawasha mpaka nikawa najikuna kwa gunzi la mahindi. Ukungu wa mwezi wa saba uliposhuka kutoka mlimani ulinikuta nimewekewa mpira shingoni, na vuli ilipoanza nilikuwa nimeshapasuliwa mkono ili mshipa uunganishwe kwa ajili ya sindano. Ukiweka sikio pale mkononi unasikia unanguruma kama paka aliyeshiba. Wateja wakiuliza ule uvimbe ni wa nini, nilisema nyuki.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Saa nne nzima umefungwa kwenye mashine kama mbuzi kwenye mgomba. Lakini mashine si kitu. Kinachochosha ni benchi la nje. Lile benchi ni la watu tisa, nimehesabu mara mbili, na sisi tulikuwa kumi na mmoja. Unajua jinsi jirani yako alivyovimba kwa namna paja lake linavyokusukuma. Tukibanana kupita kiasi siku ya Jumanne, basi Jumapili kuna watu wamekunywa.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Kahe aliyekuwa na miaka miwili ya mashine. Aliniona nikilamba midomo.

"Mwanangu, maji usiyanywe. Yagandishe," akaniambia. "Kipande kimoja unaweka mdomoni, unakipigisha stori mpaka kiishe chenyewe."

Huyo mama Mungu ambariki. Nilipata vipande kumi na viwili kwa siku. Asubuhi nilivihesabu, na mchana nilivihesabu tena nikitumaini kwamba asubuhi nilikosea.

Halafu wakanikataza ndizi. Binti wa lishe, mpole kabisa, alinisomea orodha: ndizi, parachichi, maharage, maziwa. Eti vyote vina kitu kinachosimamisha moyo wa mtu asiye na figo. Nikamwuliza kama ana habari yuko mkoa gani. Akacheka, akaniandikia ugali na wali.

Majilio yalifika nikiwa katika hali hiyo. Ni zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, na kanisani kwetu mjini kila Jumapili unawashwa mshumaa mmoja. Mchungaji alihubiri juu ya kungoja. Nikaona katika somo hili mimi ndiye niliyepaswa kupanda madhabahuni, yeye akae kwenye benchi la watu tisa.

Sina ugomvi na subira. Ugomvi wangu ni na watu wanaoigawa bure. Siku ya mshumaa wa pili, kila aliyenipa mkono pale mlangoni aliniambia, "Vumilia, Baba Glory, Mungu anakupima." Watu kumi na wanne. Nimesimama juani, miguu kama mihogo, na hakuna hata mmoja aliyesema kaa hapa kivulini. Watatu waliniletea dawa za kienyeji, kila mmoja na chupa ya lita moja na nusu, na mmoja wao alitaka ninywe anaona. Huo nao ni upendo, siukatai. Ila ni upendo ambao ungeniua kabla ya mshumaa wa tatu.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Watu wote hao walijua naumwa presha. Ndivyo nilivyowaambia. Ukweli wa figo na mashine aliujua mke wangu peke yake. Sokoni mtu wa mashine huanza kuagwa angali amekaa, na mimi sikutaka kuagwa. Kule Masama, kaka yangu Elibariki, niliyemfuata kuzaliwa, naye nilimwambia presha.

Siku ya mshumaa wa nne mahubiri yalikuwa ya unyenyekevu: Mwana wa Mungu kulazwa mahali wanapolishwa ng'ombe, na mama yake hakulalamika. Yalinigusa kweli. Nikatoka nimeshika kwamba mnyenyekevu ni yule asiyesumbua watu na shida zake. Unyenyekevu huo nikapanda nao Masama.

Krismasi iliangukia Alhamisi. Zamu yetu ikarudishwa Jumatano, na baada ya hapo hakuna mashine mpaka Jumamosi.

"Ukifika tu mwambie kaka yako," mke wangu alisema tukifunga mizigo.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikiona nafasi."

"Nafasi ya nini? Unauza suruali?"

Sikumwambia. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, mke wangu alibaki jikoni na wenzake, na mimi na Elibariki tukaanza kuzunguka ukoo kama ilivyo desturi. Nyumba saba. Yusufu na Mariamu walikosa mlango mmoja wa kufunguliwa. Mimi nilifunguliwa yote saba, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na kitu cha kunywa. Nyumba ya kwanza soda. Ya pili supu. Ya tatu mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ya nne kwa shangazi Eliafura, dada yake marehemu baba, aliyenipa vikombe viwili vya chai na bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, juu yake, akakaa mbele yangu kuhakikisha bakuli limeonyesha makalio. Ya tano, ya sita. Kila mahali niliomba "kidogo tu", na kidogo cha Masama ni kikombe kilichojaa mpaka kinamwagikia mkononi.

Nyumba ya saba ilikuwa ya kwetu, alimozaliwa kila mmoja wetu. Elibariki anakaa humo na mke wake Anasia. Lazima ujue kwamba kwa mila ya Wachagga nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, ni haki ya kitinda mimba. Kitinda mimba ni mimi. Sijawahi kukidai. Nina kibanda changu mjini, na kahawa inanichosha hata kuiangalia. Lakini kijiji kilikuwa kimenidaia kwa miaka mingi bila kunituma.

Anasia amenizidi miaka mitano, anaimba sauti ya pili kwaya, na hana maneno mengi. Alichota mbege kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote. Ndivyo inavyofanywa: mwenye nyumba huonja ili mgeni aone hakuna sumu. Kisha akaninyooshea.

"Shemeji, karibu. Hii ni yako, nimeitenga tangu Jumapili."

Hapo ndipo ungekuwa wakati wa kusema. Lakini kumkatalia mtu kata aliyoionja ni kumwambia hadharani kwamba unamshuku, na nyumba ilikuwa imejaa. Nikasema moyoni, unyenyekevu. Nikanywa yote.

Nikaomba ya pili.

Ya pili haikuwa unyenyekevu. Ilikuwa kiu ya tangu mwezi wa saba. Nimejaribu kuiandika vingine ikashindikana.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu, pumzi ikakatika. Nilipojaribu kulala chali kifua kikachemka kama uji. Walinipakia kwenye pikapu ya jirani, Elibariki mbele na mke wangu, mimi nyuma nimeketi wima. Aliyekaa mgongoni kwangu kama nguzo, bega lake likinizuia nisianguke kutoka Masama mpaka mjini, ni Anasia. Njiani aliimba kitu kwa sauti ya chini, nadhani ili asikie kama bado napumua.

Hospitalini waliniwekea oksijeni, wakanipima uzito, wakanirusha kwenye mashine. Nilipoweza kusema, sista alikuwa ameshika kalamu.

"Umekunywa nini?"

"Kidogo."

"Umeongezeka kilo tano tangu Jumatano. Mizani haisherehekei Krismasi, Baba Glory."

Nilikaa wodini siku nne. Sikujua kwamba siku hizo nne kule juu kulikuwa na kesi, na mshtakiwa hakuwa mimi. Shangazi Eliafura alikuwa ameuliza swali moja tu, akiwa anapepeta mahindi na wenzake: "Nyumba ya mwisho alimokunywa ilikuwa ya nani?" Basi. Swali hilo lilishuka bondeni likapanda ng'ambo. Kitinda mimba amekunywa kwa shemeji yake, kesho yake hapumui. Na kihamba ni cha nani?

Jumatatu Anasia alinipigia simu.

"Shemeji, unaendeleaje?"

"Nashukuru. Shikamoo."

"Marahaba. Tangu Ijumaa hakuna mtu aliyeingia kwangu. Jana kwaya walikwenda kunywa chai kwa mama mkwe wa mwenyekiti wao, na zamu ilikuwa yangu. Vikombe nilikuwa nimeshavipanga." Kisha akauliza, "Daktari amesema ni nini?"

Mke wangu alikuwa ananitazama. "Presha," nikasema.

"Presha."

"Presha na uchovu."

"Wewe unajua kama mimi nilikuwekea kitu."

"Hukuniwekea kitu, shemeji."

"Basi waambie."

Nikasema nitapanda nikipata nguvu. Nguvu nilikuwa nazo. Jumatano, siku moja baada ya kuruhusiwa, nilishuka mpaka kibandani nikafungua belo la mitumba. Mke wangu hakupiga kelele. Aliweka kikombe changu cha vipande vya barafu mezani akasema, "Unamhesabia Anasia siku kama unavyohesabu hivi? Leo ni ya ngapi?"

Ilikuwa ya sita. Nilihesabu tena, ilikuwa ya sita.

Mimi, niliyekasirikia watu kumi na wanne mlangoni mwa kanisa kwa sababu waliniambia nivumilie, nilikuwa nimemwachia shemeji yangu avumilie kwa niaba yangu. Mchungaji hakukosea. Niliyemsikia vibaya ni mimi. Mtoto yule alilazwa pale kwenye majani watu wote wakimwona, wachungaji wa kondoo na majirani na kila mpita njia. Hakuna aliyemficha akasema ni presha. Mimi nilikuwa nimechukua kiburi changu nikakishonea nguo ya unyenyekevu, na kushona upya nguo kuukuu ni nusu ya kazi yangu, kwa hiyo ilinikaa vizuri.

Jumapili ya kwanza ya mwaka nilipanda Masama. Baada ya ibada kwetu kuna mnada nje ya kanisa: mtu asiye na fedha mkononi huleta sadaka ya mayai, jogoo, mkungu wa ndizi, na vitu hivyo hunadiwa pale pale. Mzee wa kanisa alikuwa amemaliza kuuza trei la mayai. Nikamwomba nafasi.

"Una kitu cha kunadi?" akaniuliza.

"Nina neno. Sitakawia."

Nikakunja mkono wa shati nikawaonyesha. Nikasema huu si uvimbe wa nyuki. Nikasema figo zangu zimekufa tangu masika, nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, naruhusiwa nusu lita kwa siku, na siku ya Krismasi nilikunywa katika nyumba saba. Nikazitaja moja moja, kwa majina na vipimo. Nilipofika ya nne nikasema, "Kwako shangazi, shikamoo, vikombe viwili vya chai na bakuli la mtori, na ndizi pia nimekatazwa. Ukitafuta aliyenimaliza, anza na bakuli lako."

Kuna aliyecheka. Shangazi hakucheka. Jogoo aliyekuwa anangoja kunadiwa aliwika.

"Shemeji yangu aliponinyooshea kata hakujua," nikasema. "Hakujua kwa sababu mimi nilimdanganya. Yeye alionja, akanipa. Mwongo ni mimi."

Nilimtafuta kwa macho. Anasia alikuwa amesimama upande wa kwaya, vazi lake bado begani. Alilikunja mara mbili, akaliweka kwapani, akashuka njia ya nyumbani bila kunitazama. Elibariki alinishika mkono. "Presha," alisema, akatikisa kichwa, naye akamfuata mkewe.

Nilitegemea nini? Nitakuwa mkweli: nilitegemea kukumbatiwa. Niliona nimetoa bei kubwa, basi nipewe mzigo wangu. Ilinikera mpaka Jumanne.

Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi, mama wa Kahe kulia kwangu, wakaingia watu wawili kutoka Masama. Anasia mbele. Nyuma yake shangazi Eliafura, amevaa viatu vya kanisani, ameshikilia mkoba kifuani kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo shemeji. Mmekuja kunisalimia?"

"Marahaba," Anasia akasema. "Hapana. Nimemleta aone."

Sista akatoka, akasema ndani anaruhusiwa ndugu mmoja tu. Nikasimama, nikamtazama Anasia. Nilitaka aingie yeye. Nilikuwa nimeandaa maneno.

"Aingie yeye," Anasia akasema, akimwonyesha shangazi kwa kidevu. "Mimi sina ninachohitaji kuhakikisha."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine kwa saa nne. Aliona sindano mbili, nene kama za kushonea magunia, akageuza uso. Aliona damu yangu ikitoka kwa mpira mmoja ikirudi kwa mwingine. Akamwuliza sista ile namba inayopanda ni ya nini. Sista akamwambia ni maji yanayotolewa. Ilipofika lita mbili, akasema taratibu, "Kumbe ni maji." Ilipofika mbili na nusu, akauliza, "Na chai yangu imo humo?"

"Ya Krismasi ilishatoka, bibi," sista akamjibu. "Hiyo ni ya wiki hii."

Shangazi akanitazama kwa hasira. "Kwa nini hukusema, wewe mtoto? Ningekupa nyama!"

Miezi sita ya kiu, na jibu lilikuwa jepesi hivyo.

Alipotoka, mlango haukufungwa, kwa hiyo niliwaona. Anasia alikuwa bado kwenye benchi, amebanwa kati ya wagonjwa. Shangazi akasimama mbele yake. Mzee yule ana miaka themanini na hajawahi kumwomba mtu radhi, na siku ile pia sikusikia neno hilo. Alisema, "Kwaya watakunywa chai kwako Jumapili. Nitakuja kupanga vikombe." Anasia alikaa kidogo, kisha akasogea. Benchi la watu tisa, na akasogea, shangazi akapata nafasi.

Kabla hawajaondoka Anasia alikuja mlangoni. Nikasema, "Shemeji, nisamehe."

"Jina langu limerudi, hilo ndilo lililonileta," akasema. "Wewe tutaonana Pasaka."

Nikafungua mdomo kupatana naye, walau iwe Jumapili ya Mitende. Nikaufunga.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kwenye Krismasi yako ya kwanza, nakusihi: sema kabla ya kupanda. Sema kwa simu, sema stendi, waambie ndugu kipimo chako kwa namba, nusu lita au chochote ulichopewa. Watakuudhi. Wengine watakuombea kwa sauti mpaka jirani asikie, wengine wataanza kukuaga. Vumilia, na neno hilo nakupa nikiwa naijua bei yake. Usimwache mtu akunyooshee kata gizani.

Pasaka nilipanda. Watu tulikuwa wengi, meza mbili zimeunganishwa. Anasia alipita na jagi akiweka kikombe mbele ya kila mtu, kuanzia kwa shangazi. Alipofika kwangu aliweka sahani ya nyama iliyochomwa, kavu kabisa, na ugali. Nikahesabu vikombe mezani, kisha nikahesabu tena. Kila mtu alikuwa nacho isipokuwa mimi. Sijawahi kukaribishwa vizuri namna ile.